Safari ya Kisiwani Lamu kwa Mtu Asafiriye Peke Yake

Watu wengi wa bara huijua Lamu kwa jina na kwa picha. Wameiona katika kalenda iliyotundikwa ofisini: tanga jeupe, mnazi ulioinama, na punda aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo hudhani kwamba kisiwa kile ni mahali pa wageni watokao Ulaya, wala hapana nafasi kwa karani wa Nakuru au mkulima wa majani ya chai wa Kericho, mwenye likizo ya siku kumi na akiba ndogo katika chama cha ushirika. Dhana hiyo si kweli, lakini ina sababu yake. Lamu ni mbali, njia yake ilikuwa mbaya kwa miaka mingi, na watu wa bara waliokwenda huko walikwenda kwa amri ya kazi, si kwa kupenda.

Mtu anayetaka kwenda kwa kupenda, tena peke yake, atakutana na swali hata kabla ya kufunga mizigo. Huku bara mtu husafiri peke yake kwa jambo lijulikanalo: msiba, kazi mpya, kesi, au kumpeleka mtoto shule. Akisema anakwenda kisiwani kutazama tu, jamaa zake watamwuliza, "Unakwenda kwa nani?" Asipokuwa na jibu watatikisa vichwa. Naye akifika Lamu, mzee wa kwanza atakayeketi naye barazani atamwuliza karibu maneno yale yale: "Umefikia kwa nani?" Katika mji wa Waswahili kufikia si kulala tu. Ni kuwa na nyumba iliyompokea mgeni, na mwenye nyumba ambaye jina lake lajulikana, ili mgeni akipotea pawe na wa kumtafuta, na akikosea pawe na wa kumwonya. Basi matengenezo ya safari ya mtu mmoja, zaidi ya nauli na mfuko, ni kulitafutia swali hilo jibu mapema.

Jibu lenyewe si gumu kupatikana. Waalimu wengi, makarani, waganga na askari wa bara wamepata kufanya kazi Lamu, na baadhi yao wameacha rafiki huko. Tena tangu miaka ya 1970 watu wa bara wamepewa mashamba Mpeketoni, upande wa nchi kavu, na jamaa zao hupita Lamu mjini kila mara. Yafaa msafiri aulize kazini kwake na kanisani kwake. Mara nyingi mtu wa tatu au wa nne atasema, "Namjua Bwana Fulani wa Langoni." Likikosekana hilo, achague gesti inayotunzwa na jamaa wa nyumba, wala si msimamizi wa kuajiriwa tu, azungumze na mwenyewe kwa simu, ajue jina lake na jina la mtaa, na amwambie siku na saa atakayofika. Jambo hili haligharimu kitu ila salio dogo la simu, lakini lina faida kuliko vitabu vyote vya kuongoza wasafiri.

Likishatengenezwa hilo, msafiri na achague majira. Huku bara majira ni mvua na kiangazi. Kule kisiwani majira ni pepo. Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hata Machi, na ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Uhindi. Upepo wa kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, na ndio uliokuwa ukiyarudisha kwao. Mvua kubwa za masika huja na mwanzo wa kusi, katika Aprili, Mei na Juni. Wakati huo bahari ya nje huchafuka, vichochoro vya mji hujaa matope na samadi ya punda, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Julai na Agosti hali ya hewa ni ya kupendeza, lakini kusi ina nguvu, na Agosti ni mwezi wa wageni wengi, kama ulivyo Desemba. Bei za vyumba hupanda, na mtu mmoja hawezi kugawana chumba na mtu.

Kwa mkulima wa kahawa wa Nyeri au Murang'a, mwezi wa Februari wafaa kuliko yote. Zao kubwa limekwisha kuchumwa, na mvua za kupandia mahindi hazijafika. Kisiwani kaskazi imetulia, bahari ni laini, na wageni wa Krismasi wamekwenda zao. Joto ni kali, hilo ni kweli, na mtu wa milimani atalalamika usiku wa kwanza. Usiku wa tatu atakuwa amejifunza kulala darini au dirishani kama wenyeji walalavyo, chini ya chandarua. Na chandarua ni lazima, kwa kuwa malaria ingali ipo pwani.

Hata hivyo kalenda ya ukutani haitoshi. Msafiri aulize pia miezi ya Kiislamu, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku kumi na moja hivi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na mgeni asiyefunga hana budi kula chumbani kwake kwa adabu. Lakini usiku wa Ramadhani mji wote huwa macho, na wako wasemao kwamba hakuna wakati mzuri zaidi wa kuona Lamu. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Mwisho wa mwezi huo watu hutoka Tanzania, Komoro, Uganda na mbali zaidi, wakakusanyika katika Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa karibu na mwaka 1900 na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935. Kuna mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea. Atakaye kuona Maulidi na atengeneze chumba miezi kadha kabla. Asiyetaka msongamano na aukwepe mwezi huo kabisa. Kufika katikati ya Maulidi bila habari, peke yake, na mfuko begani, ni kutafuta taabu.

Sasa habari ya njia. Iko ndege, nayo hutua katika kisiwa cha Manda, kinachotazamana na mji. Mwenye uwezo na aipande. Wengi watakwenda kwa nchi kavu. Tangu mwaka 2017 reli mpya huwachukua watu kutoka Nairobi hata Mombasa kwa muda usiotimia siku moja, na kutoka Mombasa yako mabasi yapitayo Malindi, Garsen na Witu hata Mokowe, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Kipande cha kutoka Garsen kilikuwa cha udongo kwa miaka mingi, na masika yakifika magari yalikwama humo siku mbili tatu. Siku hizi kina lami. Lakini lami haikuuondoa mto wa Tana. Mwisho wa mwaka 2023 mto ulifurika ukaifunika barabara upande wa Gamba, na Lamu ikakatika na nchi. Mtu mwenye likizo ya siku kumi hawezi kubahatisha jambo hili. Mvua zikiwa kubwa, aulize kwanza kwa makampuni ya mabasi.

Liko jambo jingine ambalo halifai kufichwa. Mwezi wa Juni mwaka 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni na vijiji vya jirani wakaua watu zaidi ya 60. Baada ya hapo mabasi yalisindikizwa na askari, na katika miaka iliyofuata magari yalishambuliwa mara kadha katika barabara ile. Watu wa Lamu waliumia mara mbili: kwa msiba wenyewe, na kwa wageni walioacha kuja. Si haki kumwambia msafiri kwamba hapana hatari, wala si haki kumtisha kwa habari za zamani. Hali hubadilika kila juma. Wanaoijua ni madereva wa mabasi, polisi, na yule mwenyeji ambaye msafiri amekwisha kuzungumza naye kwa simu, na akiambiwa asubiri Malindi siku moja, na asubiri. Asafiri mchana, apande basi la kwanza la asubuhi, na kitambulisho chake kiwe katika mfuko wa shati, kwa maana vizuizi vya askari ni vingi na mtu anayepekua mzigo wake chini ya kiti huwachelewesha abiria wote.

Jambo kubwa ni kufika Mokowe jua likiwa bado juu. Hapo gari lakoma na bahari yaanza. Kuna boti za abiria zivukazo kwa muda wa nusu saa hivi, kila mtu akilipa kiti chake. Na ziko boti za kukodi, ambazo mtu hulipa boti nzima. Usiku ukiingia boti za abiria huwa haba, na mtu aliye peke yake hujikuta akilipa viti vya watu kumi ambao hawakuja. Hii ndiyo kodi ya upweke, na msafiri ataikuta tena na tena. Vijana wa gatini watamzunguka wakitaka kumbebea mzigo na kumwonyesha gesti. Wengi wao si watu wabaya. Wanatafuta riziki kama makuli wa stesheni yoyote. Lakini akiweza kusema, "Nimefikia kwa Bwana Fulani, Mkomani," watamwacha au watampeleka huko huko kwa bei ya haki.

Mji wenyewe umejengwa kandokando ya maji, nyumba zimesongamana, na vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Magari katika kisiwa yahesabika kwa vidole. Pikipiki zimeingia upande wa nyuma wa mji, lakini katika mji wa kale mawe, saruji, maji na takataka hubebwa na punda, na tangu mwaka 1987 punda hao wana hospitali yao wenyewe palepale pwani, jambo ambalo huwafurahisha wakulima wa bara kuliko majumba. Mitaa ya kale ni Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini, na katikati hupita njia kuu iitwayo Usita wa Mui. Mui ni mji. Mtu aliyefundishwa Kiswahili cha shule, ambacho msingi wake ni Kiunguja, atasikia mengi ya namna hiyo: ndia badala ya njia, mai badala ya maji, nti badala ya nchi. Asicheke, wala asijaribu kuwasahihisha watu. Lugha hii ya Kiamu ndiyo iliyotumiwa na washairi wakubwa wakati ambapo Kiswahili cha shule kilikuwa hakijapata hata kamati ya kukisanifu.

Nyumba za mawe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nje ya mlango kuna daka lenye baraza mbili za kukalia, na humo ndimo mgeni hupokewa kwanza. Ndani kuna uwanda mdogo ulio wazi juu, na kuta za chumba cha ndani zimejaa zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vyombo na mapambo, safu juu ya safu. Mahali pengine nyumba mbili zimeunganishwa na daraja juu ya kichochoro, liitwalo wikio. Mji huu haukuhifadhiwa kama kitu cha makumbusho. Watu wamo, wanapika, wanasomesha watoto, wanagombana juu ya maji ya mfereji. Mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Msafiri aliye peke yake ana faida moja kubwa hapa. Watu watano wakipita kichochoroni huwa ni msafara. Huzungumza wao kwa wao, na mji huwapisha. Mtu mmoja akitoa salamu, "Sabalkheri," hujibiwa, na mara nyingi huambiwa, "Karibu, keti." Asubuhi moja barazani na kikombe cha kahawa chungu chaweza kumfundisha mambo ambayo hayamo katika ngome wala katika jumba la makumbusho. Hata hivyo asiyaache hayo. Katika jumba la makumbusho, pale mbele ya bahari, kuna siwa mbili kubwa, moja ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na moja ya shaba ya Lamu, zilizokuwa zikipigwa katika sherehe za wakuu. Na karani yeyote atapenda kuona nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa mwaka 1891, ikiwa posta ya watu ambao ufalme wao hapo ulikwisha kabla karatasi zao hazijachakaa.

Ngome ilianza kujengwa kiasi cha mwaka 1813 ikamalizika mwaka 1821, na habari yake ni mafundisho kwa kila atakayepanga safari katika visiwa hivi. Karibu na mwaka 1812 jeshi la Pate na la Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela ili kuiteka Lamu. Watu wa Lamu walisimama wakawashinda. Wazee husimulia kwamba washindwa walipokimbilia vyombo vyao waliona maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga, wakauawa pale pale pwani. Kisha Lamu ikaogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Naye akaleta liwali na askari, na ngome ikamalizwa. Baadaye ikawa gereza kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1984. Kwa ufupi, jeshi lile halikupotea kwa upanga peke yake. Lilisahau kutazama maji.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakapanda na kushuka sana, mita tatu au zaidi. Mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu. Siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na kiasi cha saa 4 asubuhi ufuo huwa mtupu. Siku ya nne baada ya mwezi kuandama, maji hujaa asubuhi kiasi cha saa 1. Mkulima anayetazama mwezi ili apande viazi hatashindwa na hesabu hii, na akiijua ataweza kupanga siku zake kabla hajaondoka nyumbani.

Kwa mfano, magofu ya Takwa yako katika kisiwa cha Manda, mwisho wa mkono wa bahari upitao kati ya mikoko. Maji yakijaa mashua hufika karibu. Yakipwa, mgeni hutembea katika tope mpaka magotini, au hungojea mpaka jioni akiliwa na mbu. Takwa ilikuwa mji wa Waislamu wenye msikiti mkubwa na kaburi la nguzo, nao uliachwa katika karne ya 17. Hakuna aliyeandika kwa nini, lakini wataalamu hudhani kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Mgeni akirudi Lamu na aikumbuke habari hiyo anapofungua bomba. Maji matamu ya mji hutoka katika visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua hupenya mchanga ikakaa juu ya maji ya chumvi, nayo haitoki pengine. Watu wa Lamu wamepigana kwa maneno na kwa barua kuzuia majumba yasijengwe juu ya vilima hivyo. Kwa hiyo mwenye nyumba akimpa mgeni ndoo moja ya kuoga, si uchoyo.

Safari ya kisiwa cha Pate yataka hesabu zaidi. Boti za abiria kutoka Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na nchi kavu, ambao maji yakipwa haupitiki. Kwa hiyo saa ya kuondoka leo si saa ya kesho, na anayeuliza "Boti huondoka saa ngapi kila siku?" atachekwa. Ataulizwa anataka siku gani. Hushukwa Mtangawanda, kisha ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu mpaka mji wa Pate. Hapo palikuwa na masultani, majumba ya ghorofa na mafundi wa fedha na hariri, na sasa kuna mashamba ya tumbaku kati ya kuta zilizoanguka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona majumba hayo yakianguka akatunga Al-Inkishafi. Mtu aliyesoma utenzi huo shuleni kwa kulazimishwa na mwalimu na asimame pale dakika chache; ataona kwamba mtungaji hakutia chumvi.

Pate hakuna gesti za kutosha, na mtu aliye peke yake hawezi kwenda hivi hivi. Hapo ndipo mwenyeji wa Lamu huonyesha thamani yake. Ataandika neno, au atampigia simu jamaa yake wa Pate, Siyu au Faza, na mgeni atalala nyumbani mwa watu. Asitoe fedha mkononi mwa mwenye nyumba kama anayenunua chumba. Anunue sukari, majani ya chai, mchele, ampe mama wa nyumba. Na katika hesabu ya siku zake aweke siku moja ya akiba, kwa maana upepo ukikataa, boti haitoki. Asiyekuwa na siku ya akiba atachelewa kazini, na barua ya onyo haijui kusi wala kaskazi.

Kila mara atokapo kwenda baharini, amwachie mwenye nyumba jina la nahodha, jina la chombo na saa atakayorudi. Watu wawili hutazamana; mtu mmoja hana wa kumtazama. Atazame mwenyewe kama chombo kina majaketi ya kuokolea, na kama hakina, akatae hata kama bei ni nusu. Vivyo hivyo kuogelea pwani ya Shela. Pwani hiyo ni ya mchanga mtupu, kilomita 12 hivi, nzuri kupita maneno, lakini mbali na kijiji hakuna mtu, na mawimbi ya kusi yana nguvu. Mtu wa bara aliyejifunza kuogelea mtoni na achezee maji ya karibu.

Juu ya fedha, kanuni si nyingi. Kila kitu kinachouzwa kwa kizima, yaani chumba, boti, mwongozaji, humwangukia mtu mmoja kwa uzito wote. Kila kinachouzwa kwa mtu, yaani kiti cha boti, sahani ya wali na samaki, kikombe cha chai na mahamri, humkalia vema. Basi safari yake na isimame juu ya hivi vya pili. Aende Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, kwa miguu au kwa punda. Aende Shela kwa miguu ufuoni maji yakiwa yamepwa, mwendo usiofika saa moja. Akitaka mashua ya kwenda Takwa, asikodi peke yake siku ya kwanza. Amwambie mwenyeji, na siku ya pili au ya tatu watapatikana wengine wa kugawana nao. Subira hapa ni fedha taslimu. Na asibebe akiba yake yote mfukoni, madhali siku hizi simu yatosha kuihifadhi.

Adabu za mji si ngumu kwa mtu aliyelelewa. Kaptura ni ya pwani, si ya mjini. Wanawake hawapigwi picha bila ruhusa, wala hakuingiwi msikitini bila kuuliza. Pombe haitembezwi njiani. Mwanamke asafiriye peke yake, naye ana haki ya safari kama mwanamume, ataheshimiwa zaidi akijifunika mabega na magoti na kujitia leso kichwani. Yeye hasa yafaa afikie katika nyumba yenye mama. Maana atakaribishwa jikoni na ukumbini, kwenye harusi na kupakwa hina, mahali ambapo mgeni mwanamume hatatia mguu hata akikaa mwaka. Katika habari hii wanawake wana Lamu mbili, na wanaume wana moja.

Akizungumza na wavuvi atasikia pia habari za bandari mpya, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021 upande wa nchi kavu. Wengine wana matumaini ya kazi kwa vijana wao. Wengine watamwambia juu ya mikoko iliyokatwa na maji ya kuvulia waliyoyapoteza, na juu ya kesi ambayo mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Asikilize pande zote mbili. Mgeni wa siku saba hana la kuamua hapo, lakini ana masikio, na jambo hili litamhusu hata akiwa Kericho, kwa kuwa fedha zilizojenga gati hiyo ni za nchi nzima.

Siku ya kurudi nayo hutengenezwa kabla. Mabasi mengi huondoka Mokowe asubuhi mapema, kwa hiyo msafiri hana budi kuvuka kungali na giza. Akate tikiti ya basi siku iliyotangulia katika ofisi zilizoko mjini, aulize boti inayowavusha abiria wa basi hilo, na amwombe mwenye nyumba amwamshe. Kama atataka zawadi, kofia za Lamu hushonwa kwa mkono na wanaume wenyewe, barazani, tundu moja moja, na moja huchukua majuma mengi. Bei yake ni kubwa na ni ya haki. Asiyeweza kuinunua na achukue mkeka wa Kipungani, ambao hukunjwa ukaingia chini ya kiti cha basi. Mwenye nyumba atamsindikiza mpaka gatini na taa mkononi, na kabla boti haijang'oa atamwuliza jina la kijiji chake na njia ya kufika huko. Na amwandikie katika karatasi, kwa herufi zisomekazo.